Saspensheni: Jinsi ya kuimarisha gari lishike kona bila kuyumba

GARI dogo linaloteremka kuelekea Mai Mahiu likiwa na abiria watano na mizigo ya likizo hukumbana na mtihani ambao haliupati katika barabara za mjini. Kona hufuatana, upande mmoja kuna mwamba na upande wa pili bonde, huku malori yenye shehena nzito yakipanda pole pole. Dereva akikata kona, bodi hulala upande. Akikanyaga breki, pua huinama. Akigonga shimo katikati ya kona, sehemu ya nyuma huruka kando kana kwamba imesukumwa na mtu. Wengi hulaumu barabara, na barabara aghalabu ina makosa yake, lakini mara nyingi tatizo limo baina ya bodi na magurudumu, katika ule mfumo ambao mafundi huuita saspensheni.

Hamu ya kuuboresha mfumo huu imeenea nchini. Vijana wenye Subaru huyashusha magari yao hadi yakakaribia kugusa lami. Wenye Premio na Fielder huyainua kwa spesa ili yasikwaruzwe na matuta. Wenye Probox huongeza springi nzito ili libebe magunia ambayo halikuundwa kuyabeba. Kila mmoja hutoka gereji akiamini kwamba gari lake limekuwa bora. Hata hivyo, baadhi yao huwa wamelipia kazi iliyolifanya gari kuwa hatari zaidi kuliko lilivyotoka kiwandani, na hasara hiyo haionekani mpaka siku dereva atakapolazimika kukwepa kitu ghafla.

Kazi ya kila kipuri

Springi hubeba uzani wa gari na kulipa gurudumu nafasi ya kupanda na kushuka bila bodi nzima kufuata. Magari mengi madogo hutumia springi za mviringo, ilhali pikapu, malori na matatu za Hiace huwa na kamani, yaani vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kwenye ekseli ya nyuma. Ugumu wa springi hupimwa kwa kuangalia ni uzani kiasi gani unaohitajika ili kuibonyeza kwa kipimo fulani. Uhusiano huo wa nguvu na mbonyeo ulielezwa na mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke mnamo 1678, na mhandisi wa leo bado anaanza hesabu zake papo hapo.

Jina la shoki, au shokabzoba kama wanavyosema mafundi wa zamani, linapotosha kidogo. Kishindo cha shimo hupokewa na springi. Kazi ya shoki ni kuituliza springi hiyo baada ya kupokea kishindo, kwani springi ikiachwa peke yake itaendelea kucheza juu na chini mara kadhaa. Ndani ya shoki mna pistoni inayolazimisha mafuta kupenya katika vitundu vidogo, na nguvu za mchezo huo zikageuka kuwa joto. Ndiposa shoki ya gari lililotoka kupita barabara yenye mabati, yaani ile mikunjo midogo ya barabara ya vumbi, huwa moto ikiguswa.

Mafuta hayo yakipata joto na kutikiswa sana huchanganyika na hewa na kufanya povu, na povu halina nguvu ya kumzuia mtu yeyote. Suluhisho lilikuwa kuyabana kwa gesi ya nitrojeni. Aina yenye neli moja na gesi ya shinikizo kubwa ilibuniwa na Mfaransa Christian Bourcier de Carbon, na kampuni ya Bilstein ya Ujerumani ikaitengenezea magari ya Mercedes-Benz kuanzia 1957. Shoki nyingi zinazouzwa hapa nchini ni za neli mbili, zikiwa na gesi ya shinikizo dogo au zikiwa na mafuta matupu. Ya neli moja hupoa haraka na hufaa safari ndefu za barabara mbovu, ila bei yake ni kubwa na neli yake ikibonyezwa na jiwe pistoni hukwama.

Katika magari mengi madogo, shoki na springi ya mbele huwa kitu kimoja kinachosimama wima na kulishikilia gurudumu. Muundo huo una jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson na ulianza kuonekana katika magari ya Ford mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950. Ni rahisi kuuunda na hauchukui nafasi kubwa. Udhaifu wake ni kwamba kimo cha gari kikibadilishwa, kwa kushushwa au kuinuliwa, pembe za gurudumu nazo hubadilika.

Chuma cha stabilaiza huunganisha gurudumu la kulia na la kushoto. Gari likinyooka hakina kazi kubwa. Likilala upande mmoja kwenye kona, chuma hicho hujipinda na kuuvuta upande ulioinuka urudi chini. Mwisho ni zile raba ndogo ziitwazo bushi, pamoja na boljointi, ambazo huviunganisha vyuma na kuviruhusu visogee kwa kiasi kilichopangwa tu. Ni vipuri vya bei nafuu kuliko vingine vyote katika mfumo huu, na huenda ndivyo vinavyopuuzwa zaidi.

Uzani unapohama

Dereva anapokata kona, sehemu ya uzani wa gari huhama kutoka magurudumu ya ndani na kwenda kwa yale ya nje. Kiasi kinachohama hutegemea mambo manne pekee: uzani wa gari, ukali wa kona, kimo cha kitovu cha uzani kutoka ardhini, na upana kati ya gurudumu la kushoto na la kulia. Chukua gari la kilo 1,200 ambalo kitovu chake kiko sentimita 55 juu ya lami na upana wa magurudumu ni sentimita 147. Likikata kona kwa nguvu inayolingana na nusu ya mvuto wa ardhi, takriban kilo 224 zitahama. Liinue kwa sentimita 5 bila kubadilisha kingine chochote, na kiasi hicho kitapanda hadi kilo 245 hivi. Funga mizigo juu ya paa, kitovu kitapanda zaidi.

Ugumu wa springi haumo katika orodha hiyo. Springi ngumu hupunguza kulala kwa bodi, hivyo abiria wakahisi gari limetulia, lakini uzani unaohama kwa jumla unabaki karibu vile vile. Kinachobadilika ni jinsi uzani huo unavyogawanywa kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na kasi ya kuhama kwake. Muuzaji anayeahidi kwamba springi ngumu pekee zitaongeza mshiko wa matairi anauza hisia. Yamkini mteja atafurahia hisia hiyo, lakini yafaa ajue anachokinunua.

Mgao huo wa mbele na nyuma una uzito wake. Tairi likiongezewa mzigo hupata mshiko zaidi, lakini si kwa uwiano ule ule, kwa hivyo upande unaobeba sehemu kubwa ya uzani unaohama ndio unaoanza kuteleza. Magari mengi ya familia huundwa ili magurudumu ya mbele yateleze kwanza. Dereva wa kawaida akiona gari halitaki kukunja, huondoa mguu kwenye mafuta na mara nyingi hali hutengemaa. Anayefunga stabilaiza nene nyuma ya gari linaloendeshwa na magurudumu ya mbele hulifanya likunje kwa wepesi zaidi, na hilo ndilo lengo. Akizidisha, nyuma itateleza kabla ya mbele, hususan lami ikiwa na maji, na kuondoa mguu kwenye mafuta ghafla hapo huharibu mambo badala ya kuyatengeneza.

Nunene wa chuma hicho haufai kukisiwa kwa macho. Ugumu wake hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo. Chuma cha milimita 22 kikichukua mahali pa chuma cha milimita 20 chenye umbo lile lile, ugumu hupanda kwa asilimia 46, na cha milimita 24 huwa na ugumu zaidi ya maradufu. Tofauti ambayo jicho haliioni gereji huonekana wazi barabarani.

Kwanza kurejesha, kisha kuboresha

Magari mengi ya mtumba huingia Kenya yakikaribia umri wa miaka 8, ambao ndio upeo unaoruhusiwa. Raba zake huwa zimezeeka, na miaka mingine kadhaa katika barabara zetu huzimaliza. Katika hali hiyo, fundi mwaminifu hatamuuzia mteja kifaa chochote cha kisasa kabla ya kuligeuza gari juu na kulikagua. Aghalabu gari linalodaiwa kukosa uthabiti linahitaji tu kurudishwa lilivyokuwa, na baada ya kazi hiyo mwenyewe hugundua kwamba hana haja ya kuboresha chochote.

Ukaguzi huanza kwa matairi, kwani ndiyo pekee yanayogusa barabara. Shinikizo la hewa liwe kama lilivyoandikwa kwenye kibandiko kilicho karibu na mlango wa dereva, ambacho mara nyingi huwa na kipimo tofauti cha gari likiwa limejaa. Tairi lililoisha kwa mabonde, pahala pamechimbika na pahala pameinuka, huashiria shoki iliyokufa au gurudumu lisilosawazishwa. Lililoisha ukingo mmoja pekee huashiria pembe mbaya.

Kisha gari huinuliwa na kila gurudumu kutikiswa kwa mikono, juu na chini, kulia na kushoto. Mlio au mchezo wowote una mwenyewe: beringi, boljointi, au ncha ya chuma cha usukani. Bushi za mikono ya chini hukaguliwa kwa mtaimbo, kwa sababu raba inaweza kuonekana nzima hali imeachana na chuma chake ndani. Gari lenye bushi kama hizo hubadilisha mwelekeo lenyewe dereva anapofunga breki, na hakuna shoki duniani, iwe ya bei gani, itakayoliponya.

Jaribio la kubonyeza pembe ya gari na kuhesabu linadunda mara ngapi bado hutumiwa na wengi. Likiendelea kudunda, shoki imekwisha. Lakini likitulia mara moja, hilo si thibitisho kwamba ni nzima, kwani mkono wa binadamu husogeza pistoni pole pole kuliko shimo linavyoisogeza. Dalili za kuaminika zaidi ni mafuta yanayochuruzika kwenye mwili wa shoki, gari kuelea baada ya kuvuka tuta, na nyuma kuhama kando kwenye kona yenye mabati. Shoki iliyokufa huliacha tairi lipoteze mgusano na barabara mara kwa mara, na tairi lisilogusa barabara halifungi breki wala halikunji.

Shoki hubadilishwa kwa jozi, mbili za mbele au mbili za nyuma, na vishikilio vyake vya juu hubadilishwa pamoja nazo ikiwa raba zimechoka. Katika maduka ya Barabara ya Kirinyaga na Eneo la Viwandani jijini Nairobi huuzwa mpya za kampuni kama KYB ya Japan, na pia zile zilizong'olewa kwenye magari ya Japan. Hizo za pili zina bei ya kuvutia, lakini mnunuzi hajui zimetembea kilomita ngapi. Kuhusu mpya, hadhari ni ile ile ya vipuri vyote: risiti, udhamini wa maandishi, na nambari ya kipuri inayolingana na gari lenyewe. Rangi ya boksi si hoja, kwani hata bandia hupakiwa vizuri.

Spesa na springi zilizokatwa

Baada ya urejesho huo, anayetaka zaidi ana njia ya busara na njia za mkato. Njia ya mkato inayopendwa mno Kenya ni spesa, kile kipande cha chuma au plastiki kinachowekwa juu ya shoki ili kuliinua gari. Sababu yake inaeleweka. Matuta mengine ni marefu kama kaburi na gari la Japan liliundwa kwa barabara laini. Ila spesa haiongezi mwendo wa shoki hata kidogo. Inaisukuma shoki nzima chini, hivyo mikono ya saspensheni hukaa ikiwa imeinama, shafti zinazozungusha magurudumu hufanya kazi kwa pembe kali, na gurudumu likining'inia shimoni boljointi hufikishwa mwisho wake. Kipande kifupi, kilichochongwa vizuri na kufuatwa na upimaji wa pembe za magurudumu, kinaweza kuvumilika. Kirefu, au viwili vilivyopangwa pamoja, ni kuomba balaa.

Zile raba zinazoshindiliwa katikati ya mizunguko ya springi ni mbaya zaidi. Huzuia baadhi ya mizunguko isifanye kazi, na mzigo ukaelemea ile iliyosalia hadi mmojawapo ukavunjika.

Wapendao kushusha nao wana mkato wao, ambao ni kukata springi. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi ikikatwa mmoja huwa ngumu zaidi kwa asilimia 20. Ncha iliyokatwa haiketi sawasawa katika kikalio chake, na ikikatwa kwa moto wa gesi, chuma kilicho karibu hupoteza ugumu kiliopewa kiwandani. Isitoshe, shoki ile ya zamani sasa hufanya kazi ikiwa imebonyea nusu, na tuta la kwanza huigongesha kwenye raba ya mwisho. Mgongo huo katikati ya kona huweza kulirusha gari nje ya barabara.

Njia ya busara ni kununua springi na shoki zilizotengenezwa kufanya kazi pamoja. Springi ngumu zaidi huhitaji shoki yenye nguvu zaidi ya kuituliza. Bodi ya gari la kawaida hucheza juu ya springi zake kati ya mara 1 na mara 1.5 kwa sekunde, kiasi ambacho mwili wa binadamu hukivumilia bila taabu, na kila hatua ya kuongeza ugumu hukisogeza kipimo hicho juu. Kwenye uwanja wa mashindano hilo ni faida. Kwenye barabara ya mashimo, springi ngumu kupita kiasi hulifanya gurudumu liruke badala ya kufuata umbo la barabara, na mshiko hupungua pale pale ulipotafutwa.

Bushi za poliyurethani ni mfano mwingine wa faida yenye gharama. Huushika mkono wa chini kwa uthabiti kuliko raba na usukani huwa sahihi zaidi. Hata hivyo, huruhusu mtetemo na kelele kupenya ndani, na zisipopakwa grisi ya aina yake hulia kama kitanda kibovu.

Somo la Safari Rally

Anayedhani kwamba gari la kasi lazima liwe gumu na chini angetazama historia ya Safari Rally, iliyoanza 1953 na kurejea katika mashindano ya dunia 2021 baada ya kukosekana tangu 2002. Magari yaliyoshinda hapa yaliinuliwa na kupewa springi zenye mwendo mrefu ili magurudumu yabaki ardhini. Peugeot 504 iliyoshinda 1975 ilitokana na gari lile lile la familia lililosifika nchini kwa springi laini zenye nafasi kubwa ya kucheza. Wakenya waliosafiri katika Peugeot za abiria watakumbuka jinsi zilivyomeza mashimo. Tofauti na spesa za leo, wahandisi wa timu hizo hawakuinua tu. Waliimarisha vishikilio, wakabadilisha shoki na kupanga upya pembe zote.

Baada ya kazi

Kipuri chochote cha saspensheni kikiguswa, pembe za magurudumu hupimwa upya kwa mashine, na karatasi ya vipimo vya kabla na baada hupewa mwenye gari. Asiyepewa aidai. Taa za mbele nazo hurekebishwa ikiwa kimo kimebadilika, kwani gari lililoinuliwa huwapofusha wanaokuja.

Yapo pia masuala ya sheria na bima. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hairuhusu gari lililo katika hali ya kuhatarisha watu kutumiwa barabarani. Mkataba wa bima nao husimama juu ya msingi wa mwenye gari kufichua mambo muhimu, na mabadiliko ya kimo au springi ni miongoni mwa mambo ambayo kampuni inaweza kudai ilifichwa wakati wa kulipa fidia. Barua fupi kwa kampuni ya bima kabla ya kazi kufanywa haigharimu chochote.

Bushi za raba hukazwa boliti zake gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likiwa limening'inia kwenye jeki. Zikikazwa gari likining'inia, raba hukaa ikiwa imejipinda wakati wote na huchanika mapema. Mafundi wengi wenye haraka huiruka hatua hiyo. Baada ya kilomita 500 hadi 1,000 boliti zote hukaguliwa tena, na dereva hupita njia aliyoizoea, bila abiria, kwa mwendo wa kawaida, kabla ya kulipeleka gari mteremkoni likiwa limejaa.